Kadhi Mwenye Njaa

Wiki hii twataka kueleza jambo ambalo si la kujivunia. Mama watoto wetu alituuliza mara mbili kama kweli twataka kuliandika katika jarida linalosomwa na majirani. Tulimjibu kwamba majirani walikwisha kulisikia zamani, kwa kuwa siku lilipotokea madirisha ya chuo yalikuwa wazi.

Ilikuwa Jumatano ya wiki ya mwisho ya muhula, baada ya swala ya alasiri. Chuo tunachokisimamia kina walimu 9 na watoto zaidi ya 200. Siku hiyo tulikuwa tumeamka kabla ya alfajiri, tumevuka Likoni kwenda kusomesha kipindi cha asubuhi, tumerudi kwa feri jua la saa saba likiwa kichwani, tumepita nyumbani kwa watu kusuluhisha mume na mke wasiotaka kusuluhishwa, kisha tukaingia chuoni bila ya kutia kitu tumboni. Mezani tukalikuta daftari la alama. Ustadha mmoja, binti wa miaka 24, mdogo kuliko walimu wote, alikuwa amechanganya alama za darasa la tatu na za darasa la nne, na barua za wazazi zilikuwa zimekwisha kuandikwa.

Kosa lenyewe lilikuwa la kurekebishwa kwa nusu saa. Sisi tulimwita mbele ya walimu wenzake, tukalitupa daftari juu ya meza, tukaanza kusema. Mengi tuliyoyasema hatuyakumbuki. Moja twalikumbuka vizuri: "Kama kazi imekushinda, kaa nyumbani ukapike."

Wanawake wanaosoma ukurasa huu hawahitaji kufafanuliwa neno hilo lapiga wapi. Binti yule amesoma, anahifadhisha watoto Qur'ani kwa upole ambao sisi hatuna, na kwa mshahara mdogo anaoupata chuoni anamsaidia mamake. Hakujibu kitu. Alilifunga daftari, akasema, "Nimesikia, Maalim," akatoka.

Usiku ule tulirudi nyumbani tukiwa wapole ajabu. Tulicheza na wajukuu, tukausifu mchuzi, tukauliza habari za jamaa wa Malindi ambao kwa miezi hatukuwauliza. Mama watoto akatutazama kwa muda, akasema:

"Leo umerudi mpole, bwana. Umemwachia nani huko?"

Tulijifanya hatukufahamu. Naye hakutuacha. Alisema kwamba kwa miaka yote ya ndoa yetu amekuwa akiipiga hesabu hii kimoyomoyo: siku tunayosifiwa na watu kwa subira na bashasha, nyumbani huingia mtu aliyekunja uso, anayekereka kwa sauti ya kijiko. Na siku tunayoingia tukitabasamu, yeye humwonea huruma mtu fulani huko nje asiyemjua. "Mzigo ni huo huo," alisema, "hamali tu ndiye hubadilika."

Hatukulala vizuri.

Uchovu tunaouzungumzia hapa si ule wa viungo. Uchovu wa viungo mtu hulala, akaamka mzima. Huu mwingine mtu hulala nao na kuamka nao. Tulikuwa tumeziona dalili zake tangu zamani tukazipa majina mazuri. Mtoto alikuwa akitusomea ukurasa mzima, akimaliza hatujui amesoma sura gani, nasi twasema "ahsante, endelea." Simu ikilia moyo huzama kabla hatujaangalia ni nani. Mtu akitujia na shida yake, badala ya kumwona yeye, twaona saa inayopotea. Tukajiambia hayo ni majukumu, na kwamba mwenye kuitumikia dini hachoki.

Shirika la Afya Duniani, katika orodha yake ya maradhi iliyopitishwa mwaka 2019, limeitaja hali hii. Halikuihesabu kuwa ugonjwa. Limeieleza kuwa ni hali izaliwayo na kazi, pale dhiki ya kazini inapodumu muda mrefu bila ya kushughulikiwa. Wametaja alama tatu: nguvu kuisha, moyo kujitenga na kazi hata mtu akaidharau, na kuona kwamba analolifanya halizai tena. Sisi twaona ile ya pili ndiyo yenye sumu kwa wenzetu. Moyo ukijitenga na kazi hujitenga pia na watu walio katika kazi hiyo. Jumatano ile hatukumwona binti wa watu amesimama mbele yetu. Tuliliona kosa la nne kwa siku hiyo, lililokuja limevaa buibui.

Wala maulama hawakusalimika na kufikia mwisho wa nguvu zao. Imam Ghazali alikuwa mwalimu mkuu katika madrasa ya Nidhamiya mjini Baghdad, wanafunzi wake wapata 300. Mwaka 1095, kama alivyosimulia mwenyewe katika al-Munqidh, ulimi wake ulifungika. Alijaribu kusomesha japo siku moja, kwa kuwaridhi tu waliokuwa wakimjia, asiweze kutamka. Chakula kikawa hakipiti, matabibu wakakata tamaa. Akaondoka, na akakaa kama miaka 11 kabla ya kurudi kusomesha rasmi, mara hiyo katika mji wa Nishapur. Yeye aliieleza hali ile kwa upande wa nia na ikhlasi, na hatuthubutu kuipunguza ikawa uchovu wa kazi tu. Lakini twaona haya tunapojilinganisha naye: imamu yule alipofika mwisho wake alinyamaza, sisi tulipofika mwisho wetu tulipiga kelele. Ni kweli pia kwamba yeye aliweza kuwaachia watoto wake riziki ya kuwatosha, kisha akafunga safari ya Sham. Wengi wetu hatuwezi kwenda Sham ilhali kodi ya nyumba yangoja tarehe tano.

Basi mtu asiyeweza kuondoka, na amechoka, afanye nini ili asiwaumize anaofanya nao kazi?

Jawabu tulikuwa nalo rafuni. Katika mlango wa ukadhi wa Minhaj ya Imam Nawawi, kitabu ambacho tumekisoma kwa masheikh wetu na tukawasomesha wengine, kuna mas'ala mafupi. Asili yake ni hadithi ya Abu Bakra iliyomo katika Bukhari na Muslim, kwamba Mtume, rehema na amani zimshukie, alikataza mtu asihukumu baina ya wawili hali ya kuwa ameghadhibika. Wanazuoni wetu wa madhehebu ya Shafii hawakuishia kwenye ghadhabu. Walitazama sababu ya katazo, wakaona ni ile akili kutotulia, wakaongeza njaa kali na shibe iliyopita kiasi, wakamalizia na kila hali inayoiharibu khulka ya mtu. Washereheshaji wakataja usingizi, huzuni, maradhi, hata aliyebanwa na haja ndogo. Kadhi mwenye njaa asikae kuhukumu. Ale kwanza.

Tumelisomesha mas'ala hayo mara ngapi? Kila mara tulidhani yamhusu mtu aliyekaa katika Mahakama ya Kadhi na faili mbele yake. Ilhali mwenye kusimamia watu, japo wawili, ni kadhi tangu asubuhi hadi jioni: nani amechelewa, nani amekosea, nani akaripiwe, nani apewe nafasi nyingine. Muuguzi msimamizi wa wadi ni kadhi. Mwenye duka mwenye vijana wawili wa kupima unga ni kadhi. Nasi Jumatano ile tulihukumu na njaa, na usingizi, na kichwa kikigonga, hukumu tatu zisizofaa kwa mpigo mmoja.

Kuna jambo jingine la siku ile ambalo tulilificha hata kwa mama watoto. Dakika chache kabla ya kumwita ustadha, tulipigiwa simu na mweka hazina wa kamati. Alituarifu kwamba mishahara ya walimu, na posho yetu ikiwemo, itachelewa kwa mwezi wa pili. Unajua tulimjibuje, msomaji? "Hapana neno, bwana mkubwa. Inshallah kheri." Sauti ilikuwa ya asali. Tulipoweka simu chini ndipo tulipolifungua daftari la alama.

Kwa hiyo hatuwezi kusema kwamba hasira zilitushinda. Zingetushinda kweli, zingempata mweka hazina. Zilisubiri kwa adabu mpaka mtu mkubwa amalize maneno yake, kisha zikamtafuta asiyekuwa na la kutujibu. Tulipolitambua hili tulitishika zaidi kuliko tulipolikumbuka lile neno. Mwenye kuchagua wa kumkaripia ana uwezo pia wa kuchagua kutokaripia, na uchovu, kwa ukali wake wote, haukutupokonya uwezo huo.

Siku chache baadaye tulimkuta ustadha varandani, tukamwambia haraka haraka, "Yale ya juzi, mwanangu, tusameheane." Akasema, "Yamekwisha, Maalim." Tukajihisi wepesi. Hatukutambua kwamba neno "tusameheane" ni la ujanja: hugawa kosa la mmoja kwa wawili, na aliyedhulumiwa akajikuta naye anaomba radhi.

Muhula mpya ukaanza, na chuo kikawa kimya. Walimu hawakuwa wakituletea maswali. Hakuna aliyegonga mlango. Tukashukuru kwamba nidhamu imerudi. Katika wiki ya nne tukagundua kwamba mtoto mmoja wa miaka 9, msomaji mzuri mno, hajakanyaga chuoni tangu muhula kuanza. Baba yake alikuwa amepoteza kibarua, na mamake alimzuia nyumbani kwa haya ya ada. Chuo chetu hakijapata kumfukuza mtoto kwa ada, na lau tungejua, jambo hilo lingekwisha kwa ziara moja ya jioni.

Tukauliza ni nani aliyekuwa akijua. Ustadha alijua tangu wiki ya kwanza.

"Mara mbili nilifika mlangoni kwako, Maalim," alisema. "Nikauona uso wako, nikarudi."

Hasara ya ukali kazini hutuonyesha uso mmoja tu, ule wa machozi ya siku ile. Uso wake wa pili hauonekani. Ni habari zisizoletwa, makosa yanayofunikwa, na mtoto anayekaa nyumbani wiki nne kwa sababu aliyepaswa kusema ameogopa. Msimamizi aliyechoka hudhani kwamba kelele zitampunguzia kazi. Zilichotupunguzia sisi ni kujua tu, na kazi ikabaki pale pale, ikiongezeka gizani. Ndiyo maana Qur'ani, katika Aal-Imran aya ya 159, yamweleza Mtume mwenyewe kwamba lau angekuwa mkali mwenye moyo mgumu, watu wangemwondokea. Hao ni masahaba, na huyo ni Mtume. Sisi ni nani hata tukadhani walimu wetu wangetuvumilia zaidi?

Asubuhi iliyofuata, walimu wote wakiwa kwenye chai, tulisimama. Tulisema kwamba tulikosea, kwamba kosa la daftari lilikuwa la nusu saa, na kwamba neno tulilolisema halikustahili kusemwa kwa kosa hilo wala kosa lolote. Tukamwomba radhi yeye, kwa jina lake, mbele ya wale waliosikia. Ustadha aliinamia kikombe chake kwa muda. Kisha akasema, kwa sauti ndogo lakini bila ya kutetemeka:

"Nimekusamehe, Maalim. Lakini watoto wa darasa la nne pia walisikia, walikuwa dirishani. Wasichana wakicheza mwalimu na mwanafunzi uwanjani, anayekuwa mwalimu humwambia mwenzake, kaa nyumbani ukapike."

Hakuna aliyeendelea na chai. Tulikwenda darasa la nne asubuhi ile ile. Tuliyowaambia watoto hatutayaeleza hapa. Itoshe kwamba ilikuwa khutba yetu fupi kuliko zote, na iliyotuwia nzito.

Tangu hapo tumejiwekea sharti moja. Baada ya alasiri hatuhukumu. Mwalimu akikosea, kosa laandikwa, latiwa ndani ya bahasha iliyo juu ya kabati, lafunguliwa kesho asubuhi baada ya chai. Walimu wanaiita bahasha ya kesho. Jambo la hatari, kama mtoto ameumia, halingoji, na hilo hatulihesabu kuwa hukumu, ni kuokoa. Lakini yaliyobaki yote yaweza kulala usiku mmoja. Tumestaajabu jinsi makosa yanavyopungua uzito ndani ya bahasha. Nusu yake asubuhi hayahitaji hata kutajwa.

Tumejifunza pia kusema mapema. Zamani tuliona aibu mtu mzima kukiri amechoka mbele ya walio chini yake. Sasa twaingia na kusema: "Leo sikulala, jamani, nivumilieni, na msinipe la kuamua." Nao hutuvumilia, hata mmoja wao hututengea sambusa. Mtu akijua kwamba uso uliokunjwa si kwa ajili yake, hauogopi.

Hayo, hata hivyo, ni kuuzuia uchovu usimwagike. Hayauondoi. Kwa hilo ilitubidi tumwendee yule tuliyemjibu kwa sauti ya asali. Tulimwendea mweka hazina, na mwenyekiti wa kamati naye akiwepo, asubuhi, tumeshiba. Tukawaambia kwamba walimu hawawezi kuishi kwa "inshallah", na kwamba sisi wenyewe tumelemewa. Katika nchi yetu Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 yampa mfanyakazi angalau siku moja ya mapumziko katika kila siku saba, na likizo yenye malipo isiyopungua siku 21 za kazi kila baada ya miezi 12 ya utumishi. Tulikuwa hatujachukua hata wiki moja kwa miaka mingi, tukijiona mashujaa, na kwa ushujaa huo tukawatwika wengine machovu yetu. Kamati imetuondolea usuluhishi wa ndoa siku za kazi. Kuna sheikh mwingine anayeufanya, na kwa kweli ana subira kutushinda. Mishahara ingali ikichelewa, ingawa sasa mweka hazina huja mwenyewe kuwaeleza walimu.

Twataka kusema neno kwa dada zetu. Kuna anayetoka zamu ya usiku hospitalini, amesimama saa 12, amematusiwa na jamaa za wagonjwa na hakujibu. Anafika nyumbani anamkuta msaidizi wa kazi ameunguza maziwa. Yule msichana aliyetoka kwao Ganze au Kitui kuja kumlelea watoto ni mwenzake wa kazi, hata kama hawavai sare moja. Anas bin Malik alimtumikia Mtume miaka 10 na akasimulia kwamba hakupata kusikia kwake hata "uff", wala kuulizwa mbona umefanya hivi. Hatudai kwamba twaweza kufika huko. Twaweza kuoga kwanza, kula kwanza, kulala hata saa moja, na maziwa yakangoja, yamekwisha kuungua.

Na kwa aliye upande wa pili, anayetolewa machovu ya mkubwa wake kila siku: hatukuandika haya ili avumilie zaidi. Sisi tulitengenezwa na mtu aliyethubutu kutuambia habari za uwanjani, wala hakuikosa heshima yetu kwa kusema.

Jumatatu hii, magharibi ikikaribia, tulikuwa tumefunga funga ya sunna na midomo imekauka. Ustadha aligonga mlango. Aligonga kwa nguvu, mtu asiyeogopa. Alikuwa na daftari la alama mkononi.

"Maalim, nimekosea tena. Darasa la pili."

Tulinyosha mkono kulichukua, kisha tukaurudisha.

"Tia kwenye bahasha, mwanangu."

"Niifungue kesho kabla ya chai au baada?"

"Baada," tulimwambia. "Tena hakikisha nimekula mkate."